Shimo la Kumi na Nne

Kidole cha Lul Keinan kilikuwa bado juu ya ramani, pale pale tulipokiacha Jumamosi iliyopita, na watu wote waliojaa chini ya hema walikuwa wakimtazama yeye.

Uliyekuwa nasi unajua alichokuwa amekiona. Uliyechelewa, habari ni hii. Lul ni binti wa Garissa, msomi wa kubuni mandhari. Kampuni moja ilimwajiri achore uwanja wa gofu kando ya Mto Tana, kwenye barabara ya kuelekea Masalani: mashimo kumi na nane, hoteli, na nyumba za watu wenye nazo. Lul alichora. Lakini katikati ya mashimo hayo aliacha njia pana ya mifugo kuteremka mtoni, mahali wafugaji wanapopaita Malka Hareeri. Malka ni mlango wa mto, pale ukingo ulipolala na ng'ombe anaweza kunywa bila kutumbukia.

Sasa ramani ilikuwa imetundikwa mbele ya wazee, jina la Lul limeandikwa chini kwa herufi kubwa, na njia ile haikuwepo. Mahali pake palikuwa na zulia la kijani na kibendera chekundu. Shimo la kumi na nne.

"Hii si ramani niliyoichora," Lul alisema.

Hakupaza sauti. Lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na maneno yake yaliwafikia hata akina mama waliokuwa wameketi nyuma kwenye mikeka.

Abdihafid, mkurugenzi wa kampuni, hakushtuka. Alikuwa mwenyeji wa Garissa aliyekwenda Nairobi kijana na kurudi na tabasamu lisilochuja. Alimsogelea Lul, akakichukua kile kipaza sauti kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

Akawaambia wazee kwamba Injinia Lul amesema kweli tupu. Ramani ya binti yao ilikuwa ya mwanzo. Wataalamu wameiboresha. Wawekezaji wanataka shimo moja lililo kando ya maji kabisa, shimo litakalopigwa picha na kuonekana dunia nzima, na hakuna mahali pazuri kama hapo. Jina la binti yao limebaki kwa heshima.

Lul akamgeukia mzee Abdirizak, mwenyekiti wa kamati ya ardhi. Alijua mzee hajazoea kusoma ramani, kwa hiyo alimwonyesha taratibu. Huu mto. Hii barabara. Hapa ndipo ng'ombe wanapopita leo. Hapa ndipo ua utakapopita. Akamwomba asimamishe jambo hili kabla dua haijasomwa.

Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkata Lul maini.

"Dua tulishasoma, binti yangu," alisema. "Tulisoma siku zile ulipokuja nyumba kwa nyumba ukatuambia malka itabaki. Tulikubali kwa neno lako. Huyu mkurugenzi hatukumjua."

Lul alikumbuka vikombe vyote vya chai ya maziwa alivyokunywa kwenye zile nyumba. Hakuwa amedanganya hata mara moja. Ndiyo sababu walimwamini.

Hapo mtu mmoja alisimama kutoka safu ya pili, na Lul akapata tumaini.

Alikuwa Diriye, ndugu wa marehemu baba yake. Baba huyo alipofariki, Diriye ndiye aliyeuza mitamba yake mizuri ili Lul na mdogo wake wasome. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na watu walimsikiliza kwa sababu hakuwa msemaji.

Aliuliza swali moja tu. "Ng'ombe watakunywa wapi?"

Lul alimtazama Abdihafid akisubiri lile tabasamu lichuje.

Halikuchuja. Abdihafid alikuwa akilingojea swali hilo. Akatangaza kwamba kampuni itachimba kisima kirefu ng'ambo ya barabara, karibu na makazi, na kujenga mabirika ya saruji. Hakuna tena kuufuata mto. Hakuna mamba. Mwanamke atafungua bomba mlangoni kwake.

Vigelegele viliruka kutoka kwenye mikeka. Wanawake wale walikuwa wamebeba madumu ya maji maisha yao yote, ungewalaumu kwa lipi? Hata Diriye alikaa chini polepole, akishika ndevu.

Lul akasema kwamba maji ya upande ule ni ya chumvi. Wapimaji walimwambia walipokuwa wakikagua udongo.

Abdihafid akamuuliza kwa upole, mbele ya watu wote, kama amewahi kuchimba kisima. Lul akajibu kwamba hajawahi. Watu wakacheka kidogo, bila ubaya, kama unavyomcheka mtoto wako mwenyewe.

Na kabla kicheko hakijaisha, Abdihafid akasema kazi kwa vijana zimeanza leo, akamwita mkuu mpya wa walinzi wa uwanja.

Kijana alitokea nyuma ya hema akiwa amevaa sare ya bluu iliyopigwa pasi na buti mpya zinazong'aa. Alikuwa Shuaib. Mdogo wake Lul.

* * *

Lul alimvuta kando nyuma ya magari, akamuuliza tangu lini. Shuaib alimwambia tangu wiki iliyopita. Alikuwa ameombwa asimwambie dada yake, ati iwe sapraizi.

Lul akamweleza kile alichokuwa amekiona kwenye ramani. Akamwambia kwamba ua atakaoulinda utakuwa umemzuia ami yao, adeer Diriye. Shuaib alimsikiliza akitazama buti zake.

"Nilimaliza chuo, abaayo, na kila asubuhi naamka kuangalia ukuta," alimwambia dada yake. "Hooyo amefurahi, mama wa watu. Jana amenipikia kama mgeni. Usiniharibie hii."

Lul mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia kila mwezi avumilie, kazi itapatikana.

Diriye aliwakuta hapo. Alimwita Lul "adeer", kwa maana kwao mzee humrudishia mtoto wa ndugu yake jina lile lile analoitwa naye. Alimwambia asijitese. Kama maji yatatoka kwenye kisima, adeer, tatizo liko wapi? Akaenda zake kufuata ng'ombe, na Lul akabaki amesimama kwenye vumbi la magari ya wageni.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye ofisi moja mjini Garissa inayoshughulikia mambo ya mipango. Afisa aliyempokea alikuwa mtu mstaarabu. Aliagiza chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, hata akamwomba arudie yale ya ukingo wa mto ili aelewe vizuri.

Kisha akamweleza hali ilivyo. Malalamiko hutoka kwa wenyeji. Wenyeji hawajalalamika, yeye mwenyewe alikuwepo pale hemani na vigelegele alivisikia kwa masikio yake.

"Halafu wewe ndiye mbunifu," alisema. "Huwezi kuwa mwenye mchoro na ukawa mlalamishi wa mchoro huo huo. Ongea na mwajiri wako, dada."

Basi akaongea na mwajiri wake. Alimwambia Abdihafid kwamba njia ya mifugo irudishwe, ama si hivyo anaacha kazi.

Abdihafid alikubali kabla Lul hajamaliza sentensi. Alikubali aache kazi, si njia irudishwe. Alimtakia kila la kheri, akamwambia ana kipaji, akasimama kumfungulia mlango. Lul akamwambia atoe jina lake kwenye ramani.

"Jina lako ndilo lililotufungulia mlango huu, walaal," Abdihafid alisema, akimwita ndugu. "Nikilifuta leo, kesho wazee wataniuliza kwa nini."

Haikupita muda mrefu, bango likasimamishwa kando ya barabara, kubwa kama ukuta wa nyumba. Lilionyesha nyasi za kijani, mzungu anayetabasamu na fimbo yake ya gofu, na chini yake maandishi: Umebuniwa na Lul Keinan, binti wa Garissa.

Simu zilianza kumiminika. Walimu wake wa zamani walimpongeza. Marafiki wa mama yake walikuja na halwa. Kila alipojaribu kuwaeleza kwamba aliacha kazi, walisema mashallah, ana unyenyekevu wa baba yake.

Alipata nafasi kwenye redio ya Kisomali. Alizungumza vizuri, akaeleza malka ni nini kwa wale waliozaliwa mjini, akaeleza uwanja wa gofu hunywa maji kiasi gani kwenye jua la Garissa, akaeleza itakavyokuwa mvua ikikosekana. Mtangazaji alipofungua laini za simu, wa kwanza kupiga aliuliza kama kampuni bado inaajiri vijana. Wa pili naye aliuliza hivyo hivyo. Wa tatu alitaka kujua kama Lul ameolewa.

Alirudi nyumbani, akazima simu. Mama yake alikuwa akipiga pasi sare ya Shuaib.

* * *

Mvua ilikosekana.

Ua wa seng'enge ulishapita kuanzia barabarani mpaka mtoni, kisha ukazunguka. Matingatinga yalisawazisha ardhi, yakachimba hapa, yakapandisha vilima pale. Lori baada ya lori lilileta nyasi zilizokunjwa kama mikeka. Hapo palipokuwa na vumbi na vichaka vya miba palianza kuota kijani.

Kisima nacho kilichimbwa, tusiseme uongo. Siku maji yaliporuka juu, Abdihafid alipigwa picha akiwa ameloa suti. Ng'ombe waliletwa kwenye mabirika. Wakateremsha vichwa, wakanusa, wakainua vichwa.

Yalikuwa ya chumvi.

Waliokunywa kwa kiu waliharisha mpaka wakashindwa kusimama. Mzee Abdirizak alipiga simu kwa kampuni, akaambiwa mashine ya kusafisha maji imeagizwa na iko njiani. Alipiga tena baadaye. Iko njiani.

Unadhani Lul alifurahi kwamba alisema kweli? Alilia. Kwenye mikeka ile ya hemani hakuna mwanamke aliyekuja kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli, na yeye hakutaka waje.

Diriye alichukua ng'ombe wake akaenda nao upande wa Masalani, kwenye malka nyingine. Huko ukingo wote umelimwa mashamba, na mahali pekee palipobaki wazi mamba wanajua kwamba ndipo pekee. Alirudi na kundi lililopungua. Aliporudi alipitia mjini kumjulia hali mama yao, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu. Ya uwanja hakuyagusa. Hakumlaumu Lul kwa neno wala kwa jicho, na Lul alitamani amlaumu.

Kisha asubuhi moja simu ililia.

"Adeer," Diriye alisema, "wewe ndiye uliyechora. Niambie lango la ng'ombe liko upande gani."

Lul aliketi kitandani. "Hakuna lango la ng'ombe, adeer."

Kwenye simu Lul aliwasikia ng'ombe, ule mlio mkavu unaotoka kooni bila nguvu.

Akamsihi asiwasogeze karibu na ua. Ng'ombe wenye kiu wakinusa maji hawana mchungaji tena. Awazuie mbali, upande ambao upepo hautawaletea harufu, mpaka yeye afike.

"Walishanusa," Diriye alisema. "Mimi ndiye ninayewafuata."

Lul alikodi gari la jirani, Probox lililopiga kelele njia nzima, likalipita lile bango lenye jina lake.

* * *

Alichokikuta langoni hatakisahau.

Upande huu wa seng'enge palikuwa na kundi la ng'ombe, mbavu zinahesabika, ndimi nje, wamebanana mpaka waliokuwa mbele walikuwa wakisukumwa kwenye miiba ya waya. Upande wa pili nyasi zilikuwa kijani kilichokolea, na mabomba ya kumwagilia yalikuwa yakizunguka taratibu, yakirusha maji hewani. Kila bomba lilipogeuka, vichwa vya ng'ombe viligeuka nalo.

Diriye alikuwa amesimama kando ya ng'ombe mweupe aliyeitwa Adey, kiongozi wa kundi, mkono wake juu ya nundu. Ndani ya lango alikuwa Shuaib na walinzi wake. Uso wa Shuaib ulikuwa na rangi ya majivu.

Lul alimwambia afungue. Shuaib akasema hawezi. Amempigia simu Abdihafid na amemweleza kila kitu, na Abdihafid amejibu kwamba wawekezaji wameshatua kwenye uwanja wa ndege wa Garissa, wako njiani wanakuja kupiga picha kwenye shimo la kumi na nne. Asionekane hata ng'ombe mmoja. Kama Shuaib hawezi kazi, aseme, polisi waitwe waifanye wao.

"Huyu ndiye aliyekusomesha," Lul alisema.

"Najua ni nani, abaayo. Ungeona ninavyolala siku hizi."

"Wafungulie wanywe, watoke. Hata saa haitaisha. Nitasimama mbele ya Abdihafid mimi, nitasema nimekulazimisha."

Shuaib alimtazama mzee. Nadhani kama Diriye angemwomba, au angempigia kelele, au angemkumbusha mitamba iliyouzwa, Shuaib angepata nguvu ya kukataa. Lakini Diriye hakuomba. Alikuwa akimpangusa Adey povu mdomoni kwa ncha ya shuka lake, kama hayupo mtu mwingine hapo.

Shuaib akavua kofia ya kazi, akaitundika kwenye nguzo, akafungua kufuli.

Akamwambia adeer awapitishe pembeni mwa ua, moja kwa moja hadi mtoni, kisha awatoe kwa njia hiyo hiyo. Diriye alimwekea mkono kichwani alipokuwa akipita. Alimwombea dua fupi, kwa sauti ya chini, na Shuaib akafumba macho.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Hilo ndilo linalouma. Wachungaji waliwapanga ng'ombe, Diriye akatangulia, Adey akamfuata, na kundi lote likaanza kuteremka kwa utulivu kando ya seng'enge. Kwato zao zilizama kwenye nyasi laini bila sauti. Lul alitembea nyuma yao akihisi kwamba baada ya miezi yote ile, hatimaye kitu kimoja alichokisema kimetendeka.

Kisha upepo ukageuka.

Adey alisimama. Aliinua kichwa. Hakutazama mtoni. Alitazama kushoto, kwenye kilima kidogo cha nyasi kilichokuwa karibu zaidi, na masikio yake yakasimama.

Lul alitazama alikotazama, akaona nyuma ya kile kilima kitu kinachometa.

Bwawa.

Bwawa alilichora yeye. Hilo lilikuwa lake kweli, mstari kwa mstari. Kwenye ramani yake lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya hoteli, maji ya mto yapandishwe humo na kutoka humo yamwagilie nyasi. Na kwa kuwa mchanga wa pale hupitisha maji kama chujio, aliagiza litandikwe plastiki nzito nyeusi chini na kwenye kingo zote. Ndivyo mabwawa ya gofu yanavyojengwa. Kingo zake zilikuwa za mteremko mkali ili lionekane jembamba na la kupendeza kutoka juu.

Walikuwa wamelihamishia hapa, kulipamba shimo la kumi na nne. Na walikuwa wamelijaza. Hakuna aliyemwambia.

"Adeer, wageuze," Lul alisema, na mara ya pili akasema kwa nguvu zake zote.

Alikuwa amechelewa. Adey alishaondoka mbio, na nyuma yake kundi zima. Wachungaji waliruka mbele yao na fimbo wakasukumwa pembeni kama watoto. Ng'ombe wale ambao asubuhi walikuwa hawawezi kusimama vizuri walikipanda kile kilima kwa kishindo, wakatoweka upande wa pili.

Lul alikimbia. Alipofika juu, aliyaona yote kwa pamoja.

Wa mbele walikuwa wameteleza. Ukwato haushiki kwenye plastiki iliyolowa. Adey alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni, miguu ya mbele ikikwaruza ule ukingo mweusi, inapanda kidogo, inateleza, inapanda, inateleza. Wengine walikuwa wakiporomoka juu yake. Na waliokuwa nyuma, ambao hawakuhisi chochote isipokuwa harufu, walikuwa bado wanasukuma.

Maji waliyoyatafuta tangu kiangazi kianze walikuwa wameyapata, na hakuna aliyekuwa akinywa.

Lul alijua kina chake. Alijua pembe ya mteremko. Alijua kwamba hakuna ngazi, hakuna upande uliolala, hakuna hata jiwe la kushika, kwa sababu alipokuwa akichora mezani hakuwaza kwamba chochote chenye uhai kingehitaji kutoka humo.

Diriye hakusimama kufikiri. Alitupa fimbo, akajifunga shuka kiunoni, akateremka kwa makalio ukingoni ili amshike Adey pembe amgeuze. Aligusa pembe. Ng'ombe mwingine akaporomoka nyuma yake, na mzee akaingia majini bila kelele yoyote.

Alitokeza mara moja. Lul aliiona hina ya ndevu zake. Kisha mgongo wa ng'ombe ukapita hapo.

Shuaib alikuja kwa mbio akivua buti. Hakuna hata mmoja katika nyumba yao aliyejua kuogelea vizuri. Shuaib alijifunza kidogo mtoni akiwa mdogo, kwa siri, mpaka mama yao alipojua. Lul alimshika shati. Kifungo kikamkatikia mkononi, na Shuaib akawa ameshaingia.

Kulikuwa na mpira wa kumwagilia umelala kwenye nyasi, mrefu na mzito. Lul aliuburuta mpaka ukingoni, akalala kifudifudi, akaitupa ncha yake katikati ya zile pembe na yale mapovu. Akaita jina la mdogo wake. Akaita jina la adeer. Kwa mbali, upande wa lango, alisikia magari yanaingia polepole, moja nyuma ya jingine, na milango inafunguliwa. Wageni walikuwa wamefika. Sauti ya mtu aliyekuwa akicheka ilikatika ghafla.

Mpira ukakazika.

Mtu alikuwa ameushika. Lul alivuta, mchungaji mmoja akaja kumsaidia, wakavuta wote wawili visigino vyao vikichimba nyasi zile za kigeni. Kichwa kikatokeza kutoka kwenye maji meusi, kikavuta pumzi kwa sauti ya kutisha.

Kilikuwa cha Shuaib. Alikuwa peke yake.

Mkono mmoja ulishika mpira. Mwingine alikuwa ameunyoosha nyuma, vidole wazi, na alikuwa akiutazama kama si wake.

"Nilikuwa nimemshika, abaayo," alisema. "Nilikuwa nimemshika kabisa."

Lul alimwambia asiachie. Alimwambia watu wanakuja, kamba zinakuja, apande kwanza yeye. Alimwambia kwa jina la Mungu na kwa jina la mama yao. Walikuwa wamemvuta nusu, maji yako kifuani, mkono wa Lul umebakiza kidogo tu kumfikia.

Shuaib alimtazama dada yake. Kisha akaufungua mkono wake, akauacha mpira, akarudi chini kumtafuta adeer.